Dada Yetu Milimita na Kiti Alichojipimia

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, asanteni kwa kuja. Huyu tunayemsindikiza leo, Jumatatu tarehe 9 Septemba 2024, wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu, Milimita. Anayewasomea ni mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yetu, muuza vipuri. Familia ilinipa kazi hii kwa sababu, walivyosema, mimi ndiye niliyekuwa karibu naye kuliko wote. Ni kweli nilikuwa karibu. Nitajitahidi kusema na yale niliyoyatenda nikiwa hapo karibu.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba za wafanyakazi wa barabara, chumba cha pili kutoka bombani. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yetu, aliyetutangulia mwaka 1997, alikuwa dereva wa greda. Mama yetu, ambaye amekaa hapa mbele, alikuwa fundi cherehani. Kwa baba alirithi kupenda injini, na kwa mama alirithi futi ya kupimia, ambayo tangu akiwa mdogo aliivaa shingoni kama wenzake walivyovaa shanga. Mama anasimulia kwamba siku moja seremala alileta meza mpya nyumbani. Marehemu, akiwa na miaka saba, aliizunguka, akainama, akapima, akasema, "Mzee, mguu huu ni mfupi." Seremala akacheka. "Mwanangu, nimeanza kutengeneza meza kabla mama yako hajaolewa." Akakaribishwa chai. Kikombe kilipowekwa mezani kikaanza kuondoka taratibu kama mgeni anayeona haya kuaga, kikamwishia mapajani. Jina la Milimita lilianza siku hiyo, na wa kwanza kulitamka ni seremala mwenyewe, akijipangusa suruali.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981 na sekondari hadi 1985. Mwaka 1986 alijiunga na chuo cha ufundi, msichana pekee katika darasa la wanafunzi ishirini na wawili. Mwalimu wa zamu alimshauri ahamie upande wa ushonaji. Akamjibu, "Mwalimu, huko ndiko nilikozaliwa. Nimechoka na kitu kinachorudi kikifuliwa." Alihitimu Novemba 1988 akiwa wa pili. Wa kwanza yuko hapa leo, nyuma kule, na ameniomba niseme kwamba alinakili.

Mwaka 1989 aliajiriwa kuwa mkereza vyuma katika karakana ya kutengeneza pampu za maji, akafanya kazi hapo miaka kumi na minne. Waliofanya kazi naye wanasema alikuwa akipitisha ukucha juu ya shafti, kabla ya kuchukua kipimo, na kutaja kasoro yake, na kipimo kikija kinamuunga mkono. Mwaka 2003 alifungua karakana yake nyuma ya tanuri la mikate. Alichomelea milango, mageti, vitanda vya wodi, na viti vya magurudumu kwa wasioweza kutembea. Hakutoa kazi mlangoni mwake bila kuikalia, kuitikisa au kuifunga na kuifungua mara kumi.

Katika ile karakana ya pampu ndimo alimokutana na mumewe, fundi umeme aliyeitwa kurekebisha taa. Shemeji hupenda kusema kwamba siku ile alipigwa shoti mara mbili, na moja tu ndiyo ilikuwa ya waya. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Desemba 1993. Walijaliwa binti mwaka 1995, ambaye leo ni mpima ardhi, na kijana mwaka 1999, ambaye ni muuguzi. Kwa miaka thelathini nyumba yao ilikuwa na sheria moja: anayekuja na mikono ya grisi ananawa nje, awe mgeni awe mwenyeji. Sheria hiyo aliitunga shemeji, na aliyeivunja kila siku ni marehemu.

Sasa nafika kwenye jambo lililowaleta wengi wenu hapa.

Mwaka 2005 mdogo wake, yaani mimi, nilirudi kutoka safari ya kununua vipuri na picha niliyopewa na mteja. Ilikuwa ya gari la mashindano lenye kiti kimoja, lisilo na paa, na magurudumu yake manne yako nje ya bodi, wazi kabisa, ukayaona yanavyokata kona. Nyuma ya mgongo wa dereva kulikuwa na injini ya pikipiki. Mteja aliniambia ni mbio za ridhaa: hakuna anayelipwa, kila dereva ana kazi yake ya kurudi Jumatatu asubuhi. Marehemu aliitazama picha ile muda mrefu. Kisha akachukua chaki, akachora gari lote sakafuni mwa karakana kwa ukubwa wake halisi, akajilaza katikati ya mchoro, akanyoosha miguu.

"Niwekee alama hapa kwenye visigino," akaniambia.

Nikaweka. Gari lile lilijengwa kuanzia kwenye visigino vyake. Kiti alikikata kwa mgongo wake, usukani aliupima kwa mikono yake, pedeli akazisogeza karibu kwa kuwa, kama mnavyojua, dada yetu hakuwa mrefu. Lilimchukua miezi kumi na moja, baada ya kazi na siku za mapumziko. Rangi ilikuwa ya kijani, masalio ya geti la zahanati. Lilikamilika tarehe 2 Julai 2006.

Mbio za kwanza zilifanyika Jumapili, tarehe 20 Agosti 2006, katika barabara za eneo la maghala zilizofungwa kwa kibali. Magari yalikuwa manne. Asubuhi ile watu walijaa kuliko tulivyotegemea, na mpiga picha wa gazeti alikuja. Marehemu alikuwa ameshavaa ovaroli yake na kofia ngumu iko kwapani. Nikamsogelea. Maneno niliyomwambia nayakumbuka yote, na kwa miaka mingi nimetamani niyasahau.

"Dada, niache nianze mimi. Mara hii tu. Wewe ndiye fundi, gari likizingua nani atalitengeneza?"

Alinitazama, akalitazama gari. Aliweka kofia chini, akachukua spana ya kumi na tatu, akalala chali juu ya lami, akaanza kuzisogeza pedeli mbele ili zifikie miguu yangu mirefu. Ilimchukua dakika arobaini. Mimi nilikuwa napigwa picha.

Nilimaliza wa tatu kati ya wanne. Lakini gazeti lilitoa picha kubwa, mimi ndani ya gari la kijani nimeinua kidole gumba, na ukingoni mwa picha mkono wa mtu umeshika spana. Kutokana na picha ile watu wakaanza kuja. Zile pedeli hazikurudishwa nyuma tena.

Na watu walikuja kweli. Magari manne ya mwaka 2006 yalikuwa tisa mwaka 2009, kumi na saba mwaka 2013, ishirini na sita mwaka 2018. Mwaka huu ni arobaini na moja, na kati ya hayo ishirini na matatu yalitoka mikononi mwa marehemu. Wakaja muoka mikate, daktari wa meno, mwalimu wa hesabu, karani wa mahakama, na ndugu wawili mafundi wa friji wanaogombana hadi mstari wa kuanzia. Watu huuliza siri ya mchezo huu kukua. Siri ni yeye. Ndiye aliyeandika kanuni kwenye daftari la kurasa themanini: injini ya aina moja kwa wote, tairi za aina moja, na gari liwe ambalo mtu anaweza kulijenga uani kwake. Michoro yake aliitoa bure kwa yeyote aliyeiomba. Gari lisilo salama halikuvuka meza yake. Aliwahi kumrudisha nyumbani mkuu wa polisi kwa ajili ya nati moja, na mkuu wa polisi akarudi na nati mpya na keki. Kwa miaka kumi na minane, dereva mmoja tu alivunjika mfupa, na alivunjika akishuka jukwaani na kikombe.

Aya zinazofuata hazimo katika kijitabu mlichonacho. Niliziandika jana.

Mwaka 2010 marehemu alimaliza kujenga gari lake la pili, kwa kipimo chake tena. Mwaka huo wenye kutoa kibali walitaka magari yasiyopungua kumi ndipo wafunge barabara. Tulikuwa na tisa. Lake lilikuwa la kumi. Nikamwambia kanuni zetu zinakataza mkaguzi kushindana, na mkaguzi ni yeye peke yake, kwa hiyo akiendesha yeye, mbio hazina mkaguzi. Tayari nilikuwa nimeshamleta muoka mikate kuliona. Alilitoa. Muoka mikate, usiinamishe kichwa, hukujua. Niliyejua ni mimi.

Mwaka 2012 alikuja daktari wa meno, mwanamke wa kwanza kujiandikisha kuendesha. Alipokuwa akijaza fomu akamgeukia marehemu na kumuuliza, "Na wewe mama, mbona huendeshi?" Kabla dada hajafungua mdomo, nikadakia mimi: "Dada hapendi mbio. Raha yake ni vyuma tu." Marehemu alikuwa anapangusa mikono kwa kitambaa. Aliendelea kupangusa. Kutoka siku ile jibu hilo likawa wimbo wangu. Nililisema redioni. Nililichapisha katika vijitabu vya mashindano mwaka baada ya mwaka. Uongo ukishapata nguo nzuri watu huupisha njia, na huu niliuvisha suti.

Kufikia mwaka 2018 alikuwa amefundisha wakaguzi wengine wawili, na kile kisingizio cha ukaguzi kikawa kimekufa. Mwezi Januari akaja dukani kwangu, akaniletea fomu iliyojazwa kwa mwandiko wake wa kunyooka. Sehemu ya dereva aliandika jina lake. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa mashindano. Barabara zile ni nyembamba, mwisho ni magari ishirini na sita, na siku ile walioandikwa walikuwa ishirini na watano. Nafasi ilikuwepo, moja. Lakini kulikuwa na mtangazaji wa redio aliyekuwa ameniahidi kwamba akiendesha yeye, mchezo utatangazwa kila Jumapili. Nikaiweka fomu ya dada kwenye droo.

"Nafasi zimejaa, dada. Subiri mwakani."

"Zimejaa?"

"Zimejaa kabisa."

Akatabasamu. Wallahi alitabasamu, akaipiga meza kwa kiganja kama mtu aliyesikia habari njema. "Basi tumefanikiwa," akasema. Akaondoka.

Baada ya wiki moja mtangazaji akaandikishwa wa ishirini na sita. Nilijiambia dada hatagundua. Mtu aliyeona nusu milimita kwa ukucha, angeshindwaje kuhesabu hadi ishirini na sita?

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mimi nilisingizia mchezo. Nilisema nafanya yote ili mchezo ukue, na ulikua kweli, ndiyo sababu uongo wangu haukunisumbua sana. Kila gari jipya lililokuja mstarini lilinihakikishia kwamba niko sahihi.

Ugonjwa wa marehemu ulianza mwanzoni mwa mwaka 2022 kwa kuishiwa pumzi akipanda ngazi tatu za karakana. Madaktari walikuta moyo umetanuka. Wakamkataza kunyanyua vizito, na wakamkataza kabisa mbio za aina yoyote. Mwaka huo huo tulipata kibali cha kugawa mashindano makundi mawili, nafasi zikaongezeka. Kwa mara ya kwanza mlango ulikuwa wazi, na yeye alikuwa amekatazwa kuuvuka. Mumewe alimhudumia kwa subira kubwa. Alimwekea kiti cha kuegemea karakanani, na kutoka hapo akaendelea kukagua, akiagiza vijana wamletee gurudumu alipitishie ukucha.

Alilazwa mara ya mwisho tarehe 26 Agosti mwaka huu, katika wodi ya ghorofa ya kwanza, kitanda cha dirishani. Jumanne tarehe 3 nilikwenda kumwona saa nane mchana. Mfukoni nilikuwa na ile fomu ya mwaka 2018. Nilikuwa nimeamua kumwambia. Nikaketi, nikamenya chungwa, nikazungumzia joto, nikazungumzia foleni. Yeye akauliza,

"Jumapili wamejiandikisha wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Na wanaosubiri?"

"Sita."

Alifumba macho kidogo. "Msiwasubirishe sana," akasema.

Nikamjibu, "Sawa, dada." Nilidhani anawasemea wale sita. Fomu ikabaki mfukoni. Nikambusu kipaji cha uso, nikaondoka kuwahi kikao. Alifariki Alhamisi, tarehe 5 Septemba 2024, saa kumi na dakika ishirini alasiri, mumewe na watoto wake wakiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita. Mbio za jana hazikufanyika.

Juzi Jumamosi asubuhi nilipeleka kijitabu hiki kwa mpiga chapa. Alasiri yake daktari wa meno alifika nyumbani kwa marehemu kutoa pole. Akaniita pembeni, karibu na kabati la vyombo.

"Katibu, nimesikia wewe ndiye unayeandika wasifu. Kuna jambo inafaa ulijue. Alikuwa anaendesha."

"Nani?"

"Dada yako. Gari langu. Alhamisi za majaribio, asubuhi, wewe ukiwa dukani. Miaka mitatu na zaidi, mpaka alipougua."

Gari la daktari ndilo alilolijenga mwaka 2012. Wao wawili walikuwa na urefu mmoja, na pedeli zilimfika. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyempimia muda. Naye alikuwepo pale msibani, akanionyesha daftari lake. Mzunguko bora wa marehemu, Alhamisi tarehe 13 Juni 2019, ni dakika moja, sekunde kumi na mbili na nusu. Mwaka ule angeshika nafasi ya nne. Mimi, mliyeniona kwenye picha zote, maisha yangu yote sijapata kushuka chini ya dakika moja na sekunde kumi na tano.

Madereva kama kumi walilijua jambo hilo. Nilimuuliza daktari kwa nini hakuna hata mmoja aliyeniambia.

"Alitukataza," akasema. "Alisema, 'Mdogo wangu akijua ataona haya, na yule akiona haya huwa hali chakula.'"

Ni kweli, huwa sili. Tangu utotoni. Yeye ndiye aliyekuwa akiniwekea sahani yangu pembeni na kuifunika.

Ndugu zangu, fungueni ukurasa wa pili wa kijitabu. Mstari wa tatu kutoka chini umeandikwa hivi: "Ingawa alijenga magari mengi, marehemu mwenyewe hakupenda kuendesha." Sentensi hiyo niliitunga mimi miaka kumi na miwili iliyopita, na juzi nikaichapisha tena kwa mazoea, dada yangu akiwa mochwari. Si kweli. Mwenye kalamu naomba aikate. Asiye na kalamu amwazime jirani yake. Nitasubiri.

Asanteni.

Marehemu ameacha mama mzazi mwenye miaka themanini na minne. Ameacha mume, binti na mkwe, kijana mmoja, na mjukuu wa kike wa miaka minne ambaye jana alimwuliza babu yake nani sasa atamfundisha kusoma rula. Ameacha kaka wawili na dada mmoja, na mdogo huyu anayesimama mbele yenu. Ameacha wakaguzi wawili aliowafundisha, madereva arobaini na mmoja, na wale sita, ambao watapangwa wote kwenye mbio zijazo. Nimejiuzulu ukatibu asubuhi ya leo. Atakayepokea droo zangu asikute fomu ya mtu ndani.

Dada yetu apumzike kwa amani, yeye aliyewapimia watu wengi mahali pa kukaa. Nami mdogo wake naomba radhi hapa mbele yenu, kwa kuwa mbele yake nilichelewa.